Nywele za mwali: shajara ya wiki kumi na moja, Ngamiani, Tanga

Jumapili, 26 Januari

Dada kaja saluni leo na binti yake. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 12 Aprili, mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na mwali hataki wigi wala nywele za kubandika. Anataka zake mwenyewe, zibanwe nyuma, zijae utosini, na kikuba, kifungu kidogo cha maua ya asumini, kikae juu ya sikio. Kwa vichwa vingi hiyo ni kazi ya saa mbili. Kwa chake nimewaambia wazi tutazihitaji wiki zote tulizonazo, ndiyo maana nafungua daftari hili.

Nilichokikuta: nywele ni za singa, zimenyooka na ni laini, amezirithi kwa baba yake ambaye ni Mshihiri, Mwarabu wa asili ya Yemeni, zinafika kiunoni. Aliziosha jana asubuhi. Leo saa nane mchana shinani zimeshashikana kwa mafuta na zimelala juu ya fuvu kama kitambaa kilicholoa. Nimezifumbata zote nyuma nikazungusha futi ya fundi cherehani: sentimita 7. Kisha nikaokota unywele mmoja kwenye kitana, nikauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Sikuusikia kabisa. Wa kwangu nausikia kama uzi wa kushonea.

Hapa watu huchanganya, na hata sisi wasusi tunachanganya. Nywele nyembamba si nywele chache. Kichwa cha mtu huwa na nywele kama 100,000, na mwali hana upungufu wowote. Ila kila moja ni nyembamba mno, haina nguvu ya kujisimamisha. Halafu kuna mafuta. Kila kinyweleo kina tezi yake ya mafuta. Kwenye nywele za kipilipili kama zangu mafuta hukwama kwenye mizunguko, ncha zikabaki kavu, ndipo tunapojipaka mengine. Kwenye singa yanateremka bila kizuizi, na unywele mwembamba hauhitaji mengi ili uelemewe.

Nikamuuliza nyumbani anafanya nini. Kila Alhamisi usiku bibi humpaka mafuta ya nazi kichwa kizima, analala nayo, Ijumaa anaosha kwa sabuni ya mche. Nimeandika tu, sikusema neno. Bibi ni mama yangu mzazi, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyonilea.

Vipimo vitakuwa viwili. Cha kwanza ni tishu: naikandamiza utosini kwa pumzi tano, naangalia doa. Cha pili ni kitana cha mkia nilichokichora mistari ya milimita kwa wino, nakisimamisha utosini hadi mkia uguse ngozi, nasoma nywele zimeinuka kiasi gani. Leo: doa la upana wa sarafu, milimita 4.

Jumapili, 2 Februari

Wiki hii tulijaribu lile neno ambalo kila mteja mwenye nywele za mafuta ameshaambiwa: ukiosha mara kwa mara unachochea mafuta, acha wiki nzima, ngozi itazoea. Nililisikia tangu nikiwa mwanagenzi, nami nimelirudia kwa watu. Nilitaka nilione kwa macho yangu.

Siku ya nne alinipigia simu kichwa kinamwasha. Siku ya sita kulikuwa na mba nyuma ya masikio na kwenye mstari wa katikati. Leo tishu imelowa hadi inaonyesha upande wa pili. Kuna kuvu wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu na chakula chao ni haya mafuta, kwa hiyo tuliwaandalia karamu ya siku saba. Na tezi zenyewe zinaongozwa na homoni za mwili. Hazina habari kama umeosha au hukuosha.

Sitamwambia tena mteja yeyote neno lile. Ratiba mpya: kuosha siku moja, kupumzika siku moja. Shampuu nyepesi inayotoka kama maji, isiyo na rangi ya maziwa, shinani tu, mara mbili kwa mkono mmoja. Kondishena kuanzia sikioni kushuka chini, kiasi cha punje ya karanga.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepita kwao jioni niangalie maji. Sabuni ya mche haikuwa ikifanya kazi peke yake. Wana kisima uani, na maji yake yana chokaa. Birika la chai ndani limeota gamba jeupe. Tanga si wageni wa mawe ya chokaa, Mapango ya Amboni yenyewe yamechongwa na maji ndani ya mawe hayo. Sabuni ikikutana na maji ya namna hiyo inaganda, inaacha utando. Nilimwonyesha mwali ule mduara wa kijivu kwenye ndoo ya kuogea, nikamwambia pitisha kidole. Alipitisha, akakinusa, akashika nywele zake. Hakuuliza tena.

Sabuni ya mche imeondoka kichwani. Maji ya bomba, yale ya bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yanatoa povu zuri zaidi kwa shampuu ile ile, kwa hiyo anayakinga kwenye ndoo siku yanapotoka. Mara moja kwa wiki, suuza ya mwisho ni kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe kwenye lita moja ya maji. Siki inayeyusha utando uliobaki. Harufu inaondoka nywele zikikauka.

Jumamosi, 15 Februari

Kosa langu, naliandika lote.

Tishu zilikuwa zimeanza kupendeza. Jana, saa 24 baada ya kuosha, doa lilikuwa dogo kama punje ya choroko. Leo kaja, nimeona ncha zake zimekauka kidogo, mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la krimu. Nikampaka, nikamweka chini ya stima, ile mashine ya mvuke, dakika 20, kama ninavyofanya kwa wateja wangu wa kila siku. Nimesuuza vizuri, nimekausha kwa draya. Zilitoka zinang'aa kama hariri, na dada akasifu.

Baada ya saa moja na nusu: milimita 3. Chini kuliko siku ya kwanza.

Krimu ile imetengenezwa kwa nywele zinazokunywa. Ina siagi nzito na silikoni ya kuulainisha unywele mkavu usikatike. Kwenye unywele wa mwali haikuwa na pa kwenda, ikakaa juu. Saluni nyingi za hapa Ngamiani tumejifunza kazi kwenye nywele zetu wenyewe, na kila anayeingia tunampa dawa hiyo hiyo. Mtoto wa Kishihiri au wa Kihindi akikaa kitini tunasifu nywele nzuri, halafu tunamtendea kama mwingine yeyote. Kabla ya leo sikuwahi kujiuliza kwa nini hawarudi.

Ilihitaji kuosha mara tatu kuitoa. Krimu nimeihamishia rafu ya juu kabisa.

Jumamosi, 22 Februari

Mtandio. Nilikuwa nimeusahau, na unakaa kichwani mwake zaidi ya saa kumi kwa siku. Anaendesha baiskeli kutoka Makorora hadi dukani Chumbageni, juani, kaskazi hii isiyo na huruma, mtandio wa poliesta umekazwa kwa pini ili upepo usiuchukue. Chini yake jasho, mafuta na uzito, vyote vinasukuma upande mmoja.

Mtandio hatuuondoi, tunaubadilisha. Ndani, kofia ya pamba inayonyonya jasho. Nje, mtandio wa pamba au wa voili. Na nywele zisilazwe nyuma shingoni: azikusanye juu utosini, azizungushe fundo legevu, azishike kwa kibanio kimoja cha kitambaa. Akifika nyumbani akivua, shina limekaa kutwa nzima likielekea juu. Vilevile mstari wa katikati aliokuwa nao tangu darasa la kwanza tumeuhamishia kushoto. Nywele zilizozoea kuanguka upande mmoja zikigeuzwa zinapinga, na huko kupinga ndiko tunakokutaka.

Alijaribu Jumatano na Alhamisi. Jioni: milimita 9, na 11.

Jumamosi, 1 Machi

Leo tumekata.

Nimelizungusha hili wiki mbili. Nywele za kufika kiunoni zina uzito, na uzito wote unaning'inia kwenye shina lile lile tunalotaka liinuke. Isitoshe ncha za nywele za miaka mitano zimechakaa na kupungua, fungu linakuwa nene juu na chini mkia wa panya. Kukata kwa mstari mmoja ulionyooka, bila ngazi, kunazipa nywele nyembamba sura ya kujaa. Ngazi zinapunguza pale pale penye upungufu. Haya nilimweleza dada, dada akakubali. Aliyebaki ni bibi.

Tulikwenda nyumbani, sikutaka afanyiwe saluni nyuma ya mgongo wa mama. Shikamoo, marahaba, chai, kashata. Nikaanza kueleza. Bibi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nywele hizi nimezilea mimi. Wewe unazijua tangu Januari." Nikanyamaza. Mwali akaenda akakaa chini kwenye mkeka, mbele ya miguu yake, akamshika mkono akauweka utosini mwake. "Bibi, sikia zilivyo. Zinanivuta mpaka kichwa kinaniuma." Bibi akazipima kwa kiganja, akazinyanyua fungu zima, akazishika hivyo muda mrefu kama mtu anayepima samaki. Akasema, "Kweli nzito."

Ndiye aliyenionyesha wapi nikate. Alichagua vidole vinne chini ya bega, mimi nilikuwa nimepanga viwili. Nimefuata lake. Nikafunga kwa uzi juu na chini, nikakata katikati: sentimita 31. Bibi akalipokea fungu kwenye upande wa kanga, akalifunga, akaenda kulizika chini ya mwasumini uani. Huku kwetu nywele za mtu haziachwi zikapeperuka ovyo.

Nasi tumepatana kuhusu nazi. Mafuta ya nazi si adui. Ni katika mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele na kuulinda usivimbe maji na kuchakaa wakati wa kuosha. Kwa hiyo bibi ataendelea kupaka, ila ncha tu, nusu ya chini, saa moja kabla ya kuosha. Alhamisi ni yake kama zamani.

Baada ya kuosha na kukausha: milimita 16.

Ramadhani

Nitaandika kwa mkupuo, maana mchana sikuwa na nguvu ya daftari.

Hina tumeipaka usiku mmoja baada ya tarawehe. Bibi ndiye aliyeitaka, nami nikafurahi, kwa sababu rangi ya hina inashikamana na protini ya unywele wenyewe na kuuongezea unene kidogo, jambo ambalo hakuna chupa ya dukani kwangu inalolifanya bila kuulaza. Hina ya unga kutoka soko la Mgandini, nimeichuja mara mbili kwa kitambaa cha leso, maji ya vuguvugu, ndimu. Saa tatu kichwani. Siku mbili za kwanza zilikuwa kavu kama majani, kisha zikatulia. Unywele mmoja kati ya vidole: sasa nausikia, kwa mbali. Rangi ni wekundu unaoonekana juani tu.

Rafiki yake alimshawishi achanganye na piko ili ziwe nyeusi. Nimekataa katakata. Piko nyingi ni rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na ngozi ikiikataa hutoa malengelenge. Nimeona paji la uso la bibi harusi mmoja likivimba hadi macho yakafumba, siku mbili kabla ya ndoa.

Wanga wa mahindi: kijiko cha chai kwa brashi ya poda, shinani, siku ya mapumziko ya kuosha. Mwanzo alipaka asubuhi akitoka, ukaonekana mweupe kwenye mstari. Sasa anapaka usiku kabla ya kulala. Wanga unanyonya mafuta yanapotoka, hausubiri yajae, na mto unamaliza kazi ya kuusambaza. Asubuhi anapiga brashi kichwa kikiwa kimeinama. Katika yote tuliyojaribu, hili ndilo la bei ndogo kuliko yote na mwali ndilo analolipenda.

Kufunga kulimpunguzia nini kwenye mafuta? Tishu hazikuonyesha tofauti.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua za masika zimeingia. Wiki tatu zilizopita nilimtengenezea maji ya chumvi ya bahari kwenye chupa ya kupulizia, na kwenye jua la kaskazi yalifanya vizuri: nywele zilishika, zikawa na ukwaruzo, rola zilikaa. Leo nimepulizia vilevile. Kufika adhuhuri zilikuwa zinanata, zimelala.

Jibu nimelipata jikoni kwangu. Kibakuli cha chumvi kilikuwa kinatoka maji, kama kinavyotoka kila masika. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, na ile ya bahari ambayo haijasafishwa inavuta zaidi. Nilikuwa namwekea kichwani kitu cha kunywesha nywele maji siku ambayo hewa yote ni maji. Chupa nimeimwaga. Hata silikoni chache nilizozikimbia Februari nimezifikiria tena: spreyi kavu ya kushikilia, tone dogo, juu tu, mwisho kabisa, ili hewa ichelewe kuingia.

Jumapili, 6 Aprili

Mazoezi, saa kwa saa kama siku yenyewe. Nimeosha saa tatu asubuhi, siki, hakuna kondishena kabisa. Povu la kushikilia nywele kiasi cha yai, shinani. Nimemwinamisha, nikakausha kwa draya kichwa kikitazama chini, vidole badala ya brashi, hadi shina likauke kabisa. Kabisa maana yake kabisa: maji yanalegeza vifungo vidogo vinavyoshika umbo la unywele, navyo hujifunga upya pale unapokauka. Ukiacha unyevu kidogo, hujaufunga, umeukopesha.

Kisha rola 14 kubwa, zile za kunata, utosini zimesimama wima. Joto dakika kumi, halafu draya nikaizima nikamwacha. Kila mara nilikuwa nazitoa zikiwa moto kwa sababu mteja ana haraka. Leo nimesubiri dakika 45 hadi rola zikawa baridi mkononi. Nimezifungua: milimita 41. Dada alipiga kigelegele peke yake.

Nikazirudisha nyuma kwa kitana mafungu matatu tu ya utosini, kwa ndani, nikafunika kwa fungu laini la juu, nikabana chini. Pini 26, kila mbili zimekingamana.

Saa kumi na mbili jioni kikaletwa kikuba. Asumini na mrehani, mbichi, muuzaji ameinyunyizia maji isinyauke. Nikakichomeka juu ya sikio la kulia. Baada ya nusu saa upande wa kulia ulikuwa umeanguka, wa kushoto umesimama. Nilitafuta sababu kila mahali hadi mwali akaniambia, "Mama mdogo, shingo inachuruzika." Maji ya kikuba.

Jumamosi ua litaagizwa likiwa bado vitumba, bila maji. Vitumba vya asumini vinafunguka vyenyewe magharibi, havihitaji kunyunyiziwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu alfajiri, imeacha saa sita. Umeme ulikatika saa nne na robo, nusu ya kichwa ikiwa imekauka. Jenereta ya jirani, waya kupitia dirishani, draya ikaendelea. Tumepoteza dakika 35, nazo nimezifidia kwenye vipodozi na si kwenye kupoza rola.

Saa kumi alasiri: milimita 38. Vitumba vya asumini vilifika kwenye jani la mgomba, vikavu. Nimevifunga kwa uzi mweupe pamoja na mrehani majani mawili tu, kikuba chepesi kuliko desturi. Bibi ndiye aliyekichomeka. Nimemshikia kioo.

Kutoka nyumbani hadi ukumbini alifunikwa kwa kanga mbili za voili zilizoshikiliwa juu na mabinti wanne kama chandarua, hazikugusa utosi. Hili lilikuwa wazo la mwali mwenyewe.

Saa mbili usiku, alipofunuliwa mbele ya wanawake, vitumba vilikuwa vimefunguka vyote. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jukwaa na kitana changu mkononi, sikukitumia. Saa tano kasoro nilimpima kwa siri akinywa maji: milimita 31. Amecheza, amelia, amekumbatiwa na watu wasiopungua mia mbili.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemfungua asubuhi. Pini 26 zimetoka zote, hakuna iliyong'oa unywele. Tishu: doa la choroko mbili. Nimemwosha mara mbili, nimemsuuza kwa siki, ncha bibi amezipaka nazi kwa mkono wake.

Anahamia Pangani keshokutwa. Ndani ya kikapu nimemwekea brashi ya poda, kopo la wanga, kofia tatu za pamba, rola sita, na chupa ya siki. Juu ya chupa nimebandika karatasi, nimeandika kwa wino usiofutika: kijiko kimoja, lita moja, mara moja kwa wiki. Akifika, kabla ya kuosha, achemshe kwanza maji ya huko kwenye birika jipya aone yanaacha nini.